Helmeti ya Mbarouk

Mpira wa Kimarekani una sheria yake: mchezaji akigongwa kichwa, harudi uwanjani mpaka daktari amhoji. Mjukuu wangu Mbarouk aligongwa, akajibu yote, akaruhusiwa. Kocha keshamwambia asipomaliza mchezo wa leo, timu inamwacha.

Alisimama mbele ya kiti changu kando ya uwanja, akaiweka helmeti juu ya ukuta mfupi ubavuni mwangu ili afunge kamba za kiatu. Ilikuwa na mkwaruzo mweupe juu ya sikio.

"Hujambo, mume wangu?" nikamtania.

"Sijambo, bibi. Shikamoo. Chai tayari?"

Huyu kazaliwa Croydon. Miaka ishirini na tatu namsemesha Kiswahili, naye hunijibu Kiingereza tu.

"Daktari!" nikaita. "Njoo umwulize tena!"

"Bibi, nipe helmeti yangu," akasema, kwa Kiswahili kilekile.

Nilikuwa nimeshaikalia.