Barua kwa Mwana wa Bi Mwanamina

"Mwondoeni huyo mwanamume!"

Bi Mwanamina alijifunika uso kwa kanga, uji ukamwagikia kifuani. Mwalimu Haidari akarudi nyuma mpaka uani, kijiko bado mkononi.

"Haya, Hajira," alisema. "Ingia wewe."

Hajira, mwanafunzi wa darasa la tano, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Shikamoo, bibi. Fungua kinywa." Bikizee akafungua. Akanywa uji wote, akataka mwingine.

Ilikuwa Jumamosi ya sita. Mwalimu Haidari alikuwa mgeni pale Kibiti, lakini hata wiki mbili hazijaisha alikwishakusanya watoto kumi na wawili na kuwaambia kwamba wema haufundishwi ubaoni. Basi kila Jumamosi walikuja nyumbani kwa Bi Safina, aliyempa bikizee chumba tangu mafuriko yalipomtoa kijijini Ngorongo. Wengine walichota maji, wengine walifua, wengine walimlisha.

"Sisi watu wazima anatukatalia," Bi Safina aliwaambia. "Nyie mkija ndiyo anakula."

Hajira alipoanza kumkanda miguu, mwalimu alisema kutoka nje, "Wa kushoto polepole. Uliwahi kuvunjika."

"Umejuaje, mwalimu?"

"Kanda tu, mwanangu."

Kheri, mdogo kuliko wote na mwenye maswali kuliko wote, alichuchumaa kando ya kitanda. "Bibi, huna mtoto?"

"Ninaye. Mmoja tu, kama jicho." Uso wa Bi Mwanamina ukachangamka. "Kavuka mto pale Ndundu na pantoni. Nimemwambia asikawie."

"Bibi, siku hizi kuna daraja..."

Mwalimu akamtikisia kichwa. "Mzee habishiwi, Kheri. Muulize mwanawe anapenda nini."

"Ukoko," alijibu bikizee, bila hata kungoja swali. "Wali ukiiva, yeye hana habari na wali. Ukoko tu! Namwekea kila siku."

Mwalimu akainua ndoo, akaenda kumwaga maji yaliyokuwa bado safi.

Kazi ilipokwisha, watoto walikaa barazani, na hasira zao zikawa wazi.

"Mwanawe hana utu," alisema Hajira. "Mafuriko yamekuja, yameondoka, mama yake analishwa na watoto wa watu."

"Hatujui yaliyomo," alisema mwalimu.

"Kwani kuja ni kazi?"

"Pengine amejaribu kila njia, Hajira. Pengine hana la kufanya."

"La kufanya lipo. Aje!"

Watoto walikwishachana karatasi ya daftari. Kheri aliandika, wenzake wakimwambia maneno na kugombania nukta. Walipomaliza, Hajira aliikunja mara nne, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili.

"Bi Safina anasema wewe unamjua huyo mtu. Utamfikishia?"

"Nitamfikishia."

"Leo?"

"Leo."

Wakaondoka wakiimba, ndoo vichwani. Mwalimu alisubiri mpaka sauti zao zikapotea upande wa barabara kuu, kisha akaifungua barua, akaisoma akiwa amesimama.

*Shikamoo kaka. Sisi hatukujui. Mama yako hajambo kidogo ila anakungoja. Kama umekosa usione haya, yeye hajakasirika, tumemuuliza. Usitume mtu. Njoo mwenyewe umwambie, mama nimerudi. Ni hayo tu. Sisi watoto wa Jumamosi.*

Akairudia tena. Akavua viatu, akavipanga kizingitini, akaingia.

"Mama," alisema. "Nimerudi. Ni mimi, Haidari."

Safari hii Bi Mwanamina hakupiga kelele. Alijiinua kwa kiwiko, akamtazama kwa muda mrefu, tangu nyayo mpaka utosini, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Mwongo," akasema taratibu. "Mwanangu hana ndevu."