Saa ya Mzazi

Siku ya tisa tangu ajifungue, saa ya Saumu ilisimama. Ilikuwa saa nyeupe ya kauri kama za watu wote mjini, haina betri wala ufunguo. Mkono ukitembea, nayo inatembea. Mkono ukipumzika siku mbili inasimama, na bomba la nyumba hiyo linafungwa.

Mama yake, Bi Mwanakheri, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto pale Shekifu, karani wa mtaa, alipopiga hodi.

"Ainuke, bibi, azunguke uani kidogo tu."

"Yumo ndani ya arobaini yake. Haendi popote."

"Basi atikise mkono hapo hapo kitandani."

"Mimi niliinuka siku ya tano nilipomzaa yeye, nikalowesha damu kanga tatu. Wewe Shekifu, ulizaliwa, au ulitoka kiwandani pamoja na hizo saa?"

Karani akacheka kwa aibu, akatoa saa ndogo kama kifungo, ya kitoto, ambayo husimama mkono ukitulia kidogo tu, akamvisha mtoto. "Huyu hatulii. Maji mtapata."

Kweli, mtoto alirusha mikono na bomba likakohoa maji. Kisha akasinzia. Saumu akashtuka, akaanza kumtikisa asilale.

Bi Mwanakheri aliifungua ile saa mkononi mwa mjukuu, akaitia kinuni, akaipiga mchi ikapasuka.

"Andika wawili wamelala," alimwambia karani. "Maji nitateka mtoni."

Alipogeuka, mtoto alikuwa amelala fofofo, na Saumu bado anamtikisa.