Mvua ya Ng'ambo

Mfumo wa kompyuta za mji ulikuwa na nafasi ya programu moja tu ya kusoma kanda za sumaku zenye kumbukumbu za zamani, zilizohifadhiwa kwenye ghala la ng'ambo ya mto, na Salha alikuwa ameshachagua ile aliyoiandika mwenyewe. Ya zamani, kazi ya watu asiowajua, aliiona inapoteza muda: kabla ya kusoma, iliuzungusha ukanda wote hadi mwisho, kisha kuurudisha mwanzo.

Lakini yake ilikuwa imekwama kwenye ukanda wa vipimo vya mvua, na nakala nyingine ya ukanda huo haikuwapo. Kwa shingo upande, akiwa ofisini mjini, akaiamuru ile ya zamani iusome, simu ya ghalani ikiwa sikioni.

"Gurudumu la ukanda linazunguka lenyewe," akasema Mbaraka, mlinzi wa ghala, kwa sauti ya chini. "Dada, humu ndani niko peke yangu."

Salha akaibana simu sikioni. Aliusikia ukanda ukienda, ukinyooka mikunjo ya miaka, ukirudi taratibu. Walioiandika programu ile ya zamani walijua kwamba ukanda uliolala sana hunyooshwa kwanza, ndipo usomwe.

Kisha skrini ikajaa tarakimu: mvua iliyonyesha kabla mama yake hajazaliwa. Salha akasogeza kiti nyuma kidogo, kana kwamba ingemlowesha.