Nyumba Isiyouzika

Mdogo mtu alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye sakafu ya sebule, akachomoa balbu zote isipokuwa moja, kisha akakigeuza kiti cha marehemu mama yake kikatazama ukuta. Ndipo aliposhika kamera.

"Piga picha za kuvutia wateja," dada yake alikuwa amemwambia kwenye simu. "Na usianze visingizio vyako. Nyumba ni yetu wote, nami nataka changu."

Picha angezipata. Mbele ya wajomba walikuwa wamekubaliana: mnunuzi akikosekana mpaka mwaka uishe, nyumba inabaki kwa mdogo mtu. Humo alizaliwa, humo alimuuguza mama mpaka pumzi ya mwisho, huku dada mtu akituma salamu tu. Hakuwa na kwingine pa kwenda, na hata angekuwa napo asingetaka.

Bahati nzuri alikuwa akisomea kupiga picha, chini ya mwalimu mkali kama pilipili. Kamera ikikaa chini, mwalimu alifoka, dari linamlemea mtazamaji. Ukiilaza upande kidogo, moyo unamwenda mbio bila kujua kwa nini. Na mwanga wa siku ya mawingu unafukuza hata mgeni mwenye njaa.

Basi akangoja mawingu. Alipiga picha ya korido akiwa amelala kifudifudi, ikatoka kama haina mwisho. Mlango wa chumbani aliuacha wazi kidogo, giza likachungulia. Maji yaling'aa vibaya sakafuni. Alipozitazama picha zile, nywele zilimsimama, akacheka peke yake.

Dada mtu hakushtuka hata kidogo. "Ndivyo ilivyo," alisema. "Mimi nyumba hiyo naichukia tangu utotoni." Akazitangaza hivyo hivyo.

Wiki zikapita, mteja hakuna. Hapo dada mtu akaja juu.

"Watu wanakimbia! Umefanya makusudi, nyoka wewe!"

"Si ulisema ndivyo ilivyo?"

Mdogo mtu alimkatia simu, akalala usingizi wa pono. Mwaka ulikuwa ukingoni. Alinunua rangi, akaanza kupaka jiko huku akipiga mluzi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda.

Simu ikalia, naye bado ana brashi mkononi.

"Nimepata mnunuzi," dada mtu alisema.

"Muongo! Hakuna hata mmoja aliyekuja kuiona."

"Picha zilitosha. Ni watu wa filamu za kutisha, wameihangaikia nyumba ya namna hiyo muda mrefu." Alisema polepole, akiyafurahia maneno yake. "Wamekusifu mno, mdogo wangu. Wanauliza kama utakuja na kamera yako siku watakapoichoma moto."