Kioo cha Tatu

"Usikiguse kwa kidole!" Hemedi alifoka.

"Nimekishika kwa kibanio, Baba Salha. Kidole unakiona wapi?"

Tabu, mkewe, alikipachika kioo kile chembamba ndani ya kamera. Ndicho mpiga picha anachoonea sura ya mteja kabla hajabonyeza. Hiki kilikuwa cha tatu. Cha kwanza Hemedi alisema kina giza, cha pili akasema kimefubaa. Harusi iliyopita picha zote zilitoka na ukungu, watu wakawazomea, na kesho kulikuwa na harusi nyingine.

Tabu akaketi kwenye kigoda cha wateja, amenuna. Hemedi akamlenga kwa kamera, akazungusha lenzi mbele, akairudisha nyuma.

"Tulia basi!"

"Nikitulia zaidi ya hapa mtanizika."

"Hiki nacho kina ukungu. Kitoe."

"Sikitoi! Nimechoka kutoa na kutia. Lete nione mwenyewe."

Akamnyang'anya kamera, akalilenga pazia. Akauona uzi uliofumuka kwenye pindo, na nzi juu yake akisugua miguu. Kila kitu kilikuwa wazi, bila ukungu.

"Umeona?" Hemedi akauliza. "Ukungu mtupu, au siyo?"

 Tabu akamgeuzia kamera yeye. Katikati ya kioo uso wa mumewe ulikatika vipande viwili, kwa kuwa lenzi ilikuwa haijakaa sawa. Akazungusha lenzi taratibu mpaka vikaungana. Hemedi akajiweka sawa kola, kama wafanyavyo wateja, akaitabasamia nafasi tupu kando ya bega la mkewe.