Mume wa Kuomba Radhi

Haya alinieleza Mwanahawa, binti wa dada yangu, Alhamisi iliyopita tukichambua mchicha. Siku hizi ofisini kazi zote zinafanywa na mashine, ila sheria inataka zikikosea, binadamu aombe radhi. Hiyo ndiyo kazi ya mumewe, Shomari, kutwa nzima. Nyumbani hagombi tena. Basi Jumapili moja mchana, Shomari yuko nyumbani, Mwanahawa akaunguza wali makusudi.

"Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza," Shomari akasema.

"Tunaomba wewe na nani? Nimeunguza mimi! Nifokee basi, nijue nina mume!"

"Kosa ni langu, mama Zuhura. Halitarudiwa."

Mwanahawa akalia kwa hasira, na kwa machozi hayo pia akaombwa radhi. Shomari akajilaza mkekani, akalala. Mkewe akamkalia kando, akitumaini angalau ndotoni atagombana na mtu, mpaka usingizi ukampitia na yeye, hajasikia ila "samahani, samahani."