Kioski Chenye Adabu

Mji ulipoamua kwamba umri wa mtu ni ule wa mwili wake, si wa cheti cha kuzaliwa, Sikudhani ndiye aliyebuni kioski cha kuupima, pale mlangoni mwa jimu. Unaweka kiganja, kinakutajia umri na kukupangia mazoezi. Alichojivunia zaidi ni adabu zake, kwani watu wazima kiliwaamkia.

Siku ya uzinduzi mama yake, Bi Salama, mwenye miaka sabini na asiyekosa mazoezi, aliweka kiganja.

"Mambo, dada. Miaka thelathini na minane."

Watu wakashangilia. Sikudhani akafuata, baada ya miaka mitatu ya kukaa kitini akikisanifu.

"Shikamoo, mama. Miaka hamsini na mmoja."

Alirudi nyumbani kifua mbele. Kioski chake hakikumpendelea hata aliyekiunda.

Mezani, mama yake alishika birika, akamnawisha mikono.

"Shikamoo."

"Mama, acha utani."

"Sheria si utani, na kazi yako umeifanya vizuri." Bi Salama hakucheka. Alikuwa akingoja.

"Marahaba," aliitikia Sikudhani, na kabla hajauzuia, ulimi ukamalizia wenyewe, "mwanangu."